Sifuri Yako Ilikuwa Kulia

Dada Zena,

Nimemshika. Naanzia hapo kwa sababu hukuwahi kuvumilia utangulizi wangu. Makala zangu gazetini ulizisoma kuanzia aya ya mwisho, ukisema huko ndiko ninakoficha ninachotaka. Leo sifichi. Mwalimu Elieza nimemshika mchana kweupe, ukumbini Mikumi, mbele ya wanafunzi wake wa zamani, na wamemcheka kama walivyokucheka wewe. Na bado sijamaliza naye.

Tangu tukuzike mvua zimekwisha na njia ya kwako imekuwa vumbi. Binti yako Mwajuma amehamia nyumba yako ya Mabwerebwere, pale Kilosa, na amekichukua kikundi cha kaswida. Nilikwenda kuwasikiliza Ijumaa moja baada ya swala. Wale akina mama, hakuna hata mmoja aliyesomea muziki, lakini sauti ikiwa nene mikono yao inakaa kulia, na kadiri inavyozidi kuwa nyembamba mikono inasogea kushoto, taratibu, kama watu wanaofuta meza. Mgeni angedhani ni madoido. Mimi nilijua. Ile ni ramani ya kichwa chako, Dada, inatembea kwenye mikono ya watu wasiojua kwamba ni ramani. Nikatoka nje nikajifanya napokea simu.

Mwajuma akaniuliza baadaye kwa nini mama yake aliwafundisha kuanzia kulia. Ndipo nikajua hukuwahi kumwambia. Miaka yote ile, mtoto wako wa kumzaa, hukumwambia.

Basi nilimwambia mimi. Nilimweleza kwamba kwetu Rudewa madrasa ilikupata kabla ya shule. Ulikuwa na miaka minne, umekaa mkekani na ubao wako wa kuandikia kwa wino wa masizi, na kila kitu duniani kilianza kulia. Alifu ilikuwa kulia. Juzuu yako ilifunguka kulia. Ukurasa wa kwanza ulikuwa pale, wa pili ukafuata kushoto kwake, na baba alipokufundisha kuhesabu alianza na kidole gumba cha mkono wako wa kulia. Namba zikaja zikakuta nyumba imeshajengwa, zikaingia, zikakaa.

Unakumbuka siku ile tunapukuchua mahindi uani? Uliniambia namba zinakokaa. Moja iko hapa, ukagusa bega lako la kulia. Tano iko mbele ya kifua. Kumi iko kushoto, mwisho wa mkono ukiunyoosha. Kuanzia hapo zinakata kona, zinafuata mistari ya mkonge mpaka kwenye bohari lililokufa, na mia iko mlangoni mwa bohari. Nikakuuliza, na thelathini na saba? Ukanyoosha kidole bila kufikiri, kama mtu anayeonyesha kwa jirani. Nilikuwa na miaka sita. Sikushangaa. Nilidhani kila mtu ana zake.

Halafu ukafika darasa la tatu, ukaangukia mikononi mwake.

Mwalimu Elieza alikuwa kijana wa milimani, amesomeshwa na misheni, ana suruali iliyopigwa pasi na sauti nzuri. Sauti namwachia, ilikuwa nzuri. Siku hiyo darasa la kwanza tulikuwa nje tunafagia, na dirisha lenu halikuwa na mbao, kwa hiyo niliona yote. Alichora mstari mrefu ubaoni kwa rula yake kubwa, akakuita uweke namba kuanzia sifuri hadi kumi. Ulikwenda mwisho wa kulia. Ukaandika sifuri. Ukarudi kushoto hatua kwa hatua, moja, mbili, tatu, nafasi sawasawa kama meno ya kitana, mpaka kumi. Hakuna namba iliyokosekana. Hakuna iliyokaa karibu mno na mwenzake. Ungempa mtu yeyote mwenye akili ule mstari angekupigia makofi.

Yeye alicheka. Darasa likapata ruhusa, nalo likacheka. Akakuuliza nani amekufundisha upuuzi huo, ukajibu kwa adabu, na jibu hilo nitakwenda nalo kaburini: "Ziko hivyo, Mwalimu."

Akaona ni jeuri. Viboko sita, vitatu kila mkono, na akaanza na wa kushoto. "Huu ndio unaokupoteza," alisema. Akakupigisha magoti chini ya ubao, upande wa kulia, chini ya sifuri yako, mpaka kengele. Na kabla hajafuta ubao akawatangazia wenzako jina lako jipya. Kinyumenyume.

Kwenye kipindi cha kuimba ikawa vilevile. Alichora ngazi, do chini, do nyingine juu, akasema sauti inapanda. Ulimwuliza inapanda kwenda wapi. Swali zuri, Dada. Mpaka leo nawauliza watu wenye shahada na hawana jibu. Sauti haina miguu. Sisi tulikuwa na maneno yetu, sauti nene na sauti nyembamba, kama kamba, kama miti, na hakuna aliyehitaji ngazi kuimba harusini. Wataniambia tunasema kupaza sauti. Tunasema, lakini hiyo ni nguvu ya sauti, ni kelele, si wembamba. Mtu mmoja alipewa ngazi utotoni akaiona kila mahali, na ambaye hakuiona akamchapa.

Hasara yako hakuna aliyeiona isipokuwa mimi, na mimi niliiona nikiwa mkubwa. Uliniambia siku ulipokuwa unanisaidia hesabu za darasa la sita: "Kila hesabu naifanya mara mbili. Kwanza naigeuza ikae wanavyotaka wao, halafu ndiyo naijibu." Mara mbili, kila hesabu, kila siku, miaka minne. Ukaja mtihani wa darasa la saba, kengele ikalia na wewe uko nusu ya karatasi. Ulizojibu zote zilikuwa sahihi, wewe mwenyewe uliniapia, na nakuamini kuliko karatasi yoyote. Lakini nusu ni nusu. Wakasema hukufaulu. Ukaolewa una miaka kumi na saba, ukalima, ukazaa, na mjini Kilosa watu wazima wakakuita Mama Kinyume, nawe ukaitika.

Ninachokisamehe kidogo kuliko vyote ni kuitika kwako.

Unajua mimi nasoma kila kinachopita mbele yangu, hata magazeti ya kufungia vitumbua. Nikiwa mtu mzima, mwenye mvi, ndipo nilipokutana na hayo mambo. Kwamba watu waliokulia maandishi ya kutoka kushoto huziweka namba ndogo kushoto vichwani mwao bila kujijua, na mkono wao wa kushoto huziwahi. Kwamba sauti nazo zina pande, nene huku, nyembamba kule. Kwamba waliokulia maandishi ya kutoka kulia mara nyingi mstari wao hugeuka, au hupoteza nguvu. Kwamba wapo wanaoziona namba zimekaa mahali hasa, zina kona na njia, kama zako, na si wagonjwa wala si wajinga. Wataalamu bado wanabishana ni malezi kiasi gani na ni maumbile kiasi gani, na wabishane, ndiyo kazi yao. Lakini hakuna hata mmoja anayesema dawa yake ni kiboko.

Nilikuja mbio kukuambia. Ulikuwa unapepeta mchele, umeshaanza kukonda, nami nikakuhutubia kama niko jukwaani. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Ukapuliza makapi, ukasema, "Umechelewa kusoma, mdogo wangu."

Hukusema kwa ubaya. Lakini tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Sasa sikia jinsi alivyoingia mtegoni. Hata siku yako ya arobaini ilikuwa haijafika, nikapigiwa simu na kamati ya wanafunzi wa zamani wa Mwalimu Elieza. Amestaafu, anaishi Mikumi, wanataka kumfanyia hafla kabla Mungu hajamchukua, kumkabidhi kiti cha kunesa na joho. Wakaniomba nitoe hotuba. "Wewe ndiye mwenye maneno," wakasema. Nikasema nitakuja. Niliandika kurasa tatu zenye sumu ya kuua ng'ombe, nikazitia mfukoni. Halafu nikazitoa. Maneno anayajua, amekula kwa maneno maisha yake yote. Nikachukua makopo mawili ya maziwa, kadi nane, chupa mbili za soda na kijiko.

Ukumbi ulikuwa umejaa, mapambo ya zambarau, pilau inanukia nyuma. Yeye yuko mbele, mdogo kuliko nilivyomweka kichwani, na fimbo mkononi, safari hii ya kutembelea. Na hapo, Dada, usinicheke: nilimwamkia. Ulimi ulinitangulia. "Shikamoo, Mwalimu." Akanishika mkono kwa mikono miwili. "Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye yule wa magazetini, unayegombana na kila mtu?" Watu wakacheka. Nikasema ndiye mimi.

Nilipopewa kipaza sauti nikasema Mwalimu alitufundisha kwa vitendo, nami nitamsifu kwa vitendo. Nikamwekea makopo mezani, moja kushoto, moja kulia. Kadi zina namba moja hadi tisa, bila tano. Nikamwambia, Mwalimu, nitakupa moja moja, chini ya tano tia kopo la kushoto, juu ya tano tia la kulia, haraka. Akazitia kama mtu anayegawa karata. Makofi, vigelegele. Alifurahi sana, akanyoosha mgongo.

Nikazichanganya. Sasa geuza, nikasema. Ndogo kulia, kubwa kushoto.

Mbili ikaenda kushoto. Akaitoa akaihamisha. Nane akaishika hewani katikati ya meza, mkono unakwenda huku unarudi kule. Tatu akakosea. Saba akapatia, lakini polepole, kama anavuka mto. Tisa akakosea. Nikamhimiza kwa lugha yake mwenyewe: "Haraka, haraka, hatuna siku nzima." Kisha nikachukua chupa, moja imejaa maji, moja tupu, nikazigonga kwa kijiko. Sauti nene, inua mkono wa kulia. Nyembamba, inua wa kushoto. Mwalimu wa kwaya, sikio zima kabisa, na mkono unamkana. Aliinua wa kushoto kwa sauti nene, akautazama mkono wake mwenyewe kama mbwa aliyemgeuka.

Nyuma ya ukumbi mtu mmoja akasema, "Leo Mwalimu kinyumenyume." Ukumbi mzima ukapasuka.

Kicheko hicho nimekisubiri tangu nikiwa nimening'inia dirishani. Kilikuwa kitamu, Dada. Wanaosema kisasi ni kichungu hawajawahi kukionja kikiwa cha moto.

Wakiwa bado wanafuta machozi nikawaambia habari yako. Jina lako kamili na la baba. Mstari, sifuri, viboko, magoti. Ukumbi ukapoa kama uji. Nikamgeukia nikamwuliza kama anakumbuka.

"Zena yupi?" akasema. "Nimefundisha wengi, mwanangu."

Hakuwa anadanganya. Nilimtazama machoni nikitafuta uongo nikaukosa, na hapo ndipo nilipotaka kumnyang'anya ile fimbo. Wewe umegeuza hesabu maisha yako yote mpaka pumzi ya mwisho, na yeye hata sura yako haikumbuki. Akaongeza kwamba naye alichapwa, naye alifundishwa hivyo hivyo. Wote husema hivyo. Ingekuwa kuchapwa ni leseni ya kuchapa, nchi hii isingebaki na mtu mwenye mkono mzima. Nikamwambia hivyo, kwenye kipaza sauti. Nikaacha makopo, kadi, chupa na kijiko mezani, nikaondoka bila kula.

Wamenitoa kwenye kundi lao la WhatsApp. Wamesema nimemdhalilisha mzee, sina malezi, nilinyimwa mapenzi utotoni, mambo kama hayo. Hayo nimeyazoea. Lakini Mwajuma naye alinikalisha chini. "Mjomba," akaniambia, "mama asingependa." Nikamjibu kwamba inawezekana kabisa asingependa. Wewe ulikuwa mtu wa kupuliza makapi. Mimi si wewe, na hukuniusia nisamehe.

Sasa nakuleta kwenye jambo lililonifanya niandike.

Jumamosi tulikuwa uani kwako Mabwerebwere, tukasikia hodi. Mwalimu Elieza. Amekuja Kilosa kutoka Mikumi peke yake, na mguu ule, amebeba mfuko. Mwajuma akamtandikia jamvi, akamletea maji. Hakunywa. Akatoa yale makopo, akayapanga, moja kushoto, moja kulia, akampa Mwajuma kadi. "Nitajie, mwanangu. Ndogo kulia."

Mwajuma akataja, akimpa moja moja. Kadi zote nane Mwalimu akazitia sawa. Polepole, lakini zote.

"Siku tisa," akasema. "Mchana kutwa. Kichwa kiliniuma nikadhani nitapofuka." Kisha akaniuliza, si kwa ujanja, kama mtu anayeuliza bei ya dawa: "Marehemu ilimchukua siku ngapi kujifunza njia yetu?"

Nikamwambia hukujifunza. Ulikuwa unageuza. Kila hesabu mara mbili. Nikamweleza na nusu ile ya karatasi.

 Akasema anaomba radhi. Mwajuma alikuwa tayari kumpa, nilimwona. Mimi nikasema radhi si yangu kuitoa wala si ya Mwajuma, na mwenyewe hayupo. Nikampa sharti. Shule inafunguliwa Jumatatu. Aende shuleni kwetu, darasa la tatu, mwalimu mkuu wa sasa ameshanikubalia. Asimame mbele ya watoto, achore mstari, aandike sifuri mwisho wa kulia, arudi kushoto mpaka kumi. Aseme jina lako lote. Aseme mstari ule ulikuwa sahihi, na kosa lilikuwa la nani. Akakubali. Akaniuliza kama kutakuwa na kiti. Nikasema hapana.

Hapo Mwajuma akanitazama, akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalikimbia tangu siku ya dirisha. "Mjomba, na lile jina la Kinyumenyume, nyumbani lililetwa na nani?"

Na wewe ulimjua, Dada. Mwalimu alilitangaza darasani, lingefia darasani. Mimi ndiye niliyelibeba kama zawadi mpaka uani, nikaliimba nikiruka kamba, nikawafundisha watoto wa majirani, kwa sababu nilikuwa na miaka sita na watu walicheka nilipoliimba. Ulikuwa unasonga ugali. Mikono yako imevimba. Ulinitazama mara moja tu, ukaendelea kusonga. Kalamu yangu yote hii, ugomvi wangu wote na dunia, nadhani nimekuwa nikipiga kelele ili nisilisikie lile jina kwa sauti yangu mwenyewe.

Kwa hiyo Jumatatu tutakuwa wawili ubaoni. Yeye atasimama kwanza, kwa sababu alikuwa mtu mzima. Akimaliza nitachukua chaki nami nitasema langu, mbele ya watoto hao hao, na hakuna kiti kwa yeyote. Halafu nitamwambia mwalimu wao kwamba mtoto akianzia kulia, amwulize zinakaa wapi, na anyamaze asikilize. Nitarudi kila muhula kuhakikisha. Wananijua, nina kelele.

Msamaha sikuombi. Ungenipa upesi mno.

Siku ile nilishuka kaburini mimi kukupokea, ulikuwa mwepesi kama kapu. Nilikulaza kwa ubavu wako wa kulia, kama tunavyolazwa sote, nikakuwekea udongo nyuma ya mgongo usigeuke. Nililia kwa mengine. Leo ndiyo nimetambua kwamba umelalia bega lile. Moja iko chini yako, na namba zote zilizobaki ziko mbele ya uso wako, zinakwenda kushoto, na hakuna wa kuzigeuza.

Kwaheri, Dada. Hesabu mara moja tu.

Mdogo wako,
Salumu